Keekee ya Trekta na Hindi la Babu Yako

Naikumbuka siku moja ya ukungu, mwanangu. Ukungu wetu wa Vudee unaujua: unashuka asubuhi kutoka mlima Shengena, unakaa juu ya migomba, na mtu akipita njiani unasikia kikohozi chake kabla hujamwona. Nilikuwa nimesimama ukingoni, natazama chini tambarare ambako hapakuonekana kitu, na ndani ya weupe ule nilikuwa naona keekee. Siyo keekee ya seremala. Naisema ile kubwa, kama hiyo uliyonitumia picha yake kwenye simu juzi, inayofungwa nyuma ya trekta ikazunguka na kuchimba mashimo ya nguzo. Niliiona inazunguka mawinguni, nyekundu, taratibu, na udongo unapanda nayo. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, na kazi niliyoijua kuliko zote ilikuwa kuota ndoto macho yakiwa wazi.

Uliandika, "Shikamoo baba. Ninunue au nikodi?" Marahaba, mwanangu. Ungependa nikujibu kwa neno moja, maana vijana wa leo mnaona kila neno linamaliza bando. Vumilia kidogo. Jibu ninalo, lakini nikikupa peke yake utalisahau kabla hujafika dukani, kama nilivyosahau mimi.

Wakati ule shamba letu la mahindi lilikuwa chini, pale mlima unapoishia, bega kwa bega na mashamba ya majirani kumi na mmoja. Huku juu tulikuwa na migomba na kahawa, kule chini tulilima mahindi ya vuli. Shida ilikuwa njia ya ng'ombe. Mifugo ikienda kunywa maji ilipita ubavuni mwa mashamba, na ng'ombe hajui mpaka wa mtu. Miaka miwili mfululizo tulilima, tukapalilia, kisha tukavuna mabua yaliyokanyagwa. Babu yako, ambaye hukumkuta, ndiye aliyefyeka pori lile kwa panga lake ujanani. Sasa alikuwa mzee, kifua kinambana, hawezi tena kushuka mlima. Jioni moja aliniambia, amekaa karibu na meko, "Mwaka huu nataka nitafune hindi la kuchoma la shamba langu. Moja tu. Mengine mtakula ninyi."

Nilisikia kifua chake kinavyopiga filimbi, nikaelewa kwamba mwaka wa mbele hakuwa na hakika nao. Nilimpenda sana baba yangu, mwanangu. Nakuambia waziwazi kwa sababu yeye sikuwahi kumwambia.

Basi tukakubaliana, sisi wakulima wa kule chini, tuzungushe seng'enge kabla ya mvua. Nguzo zilikuwepo. Kazi ilikuwa mashimo. Njia ya wazee wetu ilikuwa msaragambo: pembe inapigwa, kila kaya inatoa mtu na mtaimbo wake, mnachimba mnaimba, mnakula makande ya sufuria moja. Lakini mimi nilikuwa dereva wa trekta kuukuu la kikundi chetu, na kwa ajili hiyo nilijiona mtu wa mitambo. Nikasimama mkutanoni nikasema mitaimbo irudi nyumbani, pembe itundikwe ukutani, mashimo yote niachiwe mimi. Wakanipigia makofi. Makofi yale nililala nayo wiki nzima.

Mjini Same alikuwapo mjane mmoja, Mama Nakundwa, mwenye trekta na keekee yake. Alikuwa anavikodisha kwa siku, pamoja na dereva. Nilimkuta uani kwake anapaka mashine grisi, khanga kaifunga kiunoni. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza shamba liko wapi. Nilipomwambia, na nilipomwambia pia kwamba nawaza kununua keekee ya kwangu, aliacha kazi akanitazama.

"Pale napajua," akasema. "Juu udongo, chini mawe. Kodi keekee yangu kwa siku mbili tu, mwanangu. Penye udongo keekee itachimba. Penye jiwe waite wenzako na mitaimbo. Ukinunua, ardhi ile itakutafunia chuma chako."

Sikiliza ujinga wa ujana. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nasema moyoni: huyu anaishi kwa kukodisha, atanishaurije ninunue? Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali ni ya kweli, ila mimi niliitumia kuzibia masikio. Mtu anaweza kuivutia ngozi kwake na bado akawa anakuambia kweli. Juu ya hiyo nikaweka nyingine, kwamba cha kuazima hakisitiri makalio. Mtu aliyekwisha kuamua hakosi methali ya kumsindikiza.

Kule Ndungu palikuwa na mfugaji anayehama, anauza vyombo vyake. Aliwahi kuzungushia zizi lake uzio kwa keekee, na sasa hakuwa na kazi nayo. Nikauza madume yangu mawili ya ng'ombe, nikaenda. Alinifanyia majaribio palepale, pembeni ya mashamba ya mpunga. Aa, mwanangu! Ile keekee iliingia ardhini kama kidole kwenye ugali wa moto. Udongo mweusi ulipanda, unang'aa, una harufu ya maji, na shimo likabaki duara safi kama mdomo wa mtungi. Korongo weupe walikuwa wamesimama majini, hata hawakuruka. Nilichimbiwa shimo moja, nikaomba la pili, nikaomba la tatu, bila sababu, kwa utamu tu, kisha nikailipia. Nilijiona nachimba kuanzia Hedaru mpaka Kihurio, watu wananiita kwa jina, napanga zamu za wateja. Kipya kinyemi ingawa kidonda, nami nilikuwa nakikuna kidonda changu kwa raha zote.

Sikukumbuka kujiuliza jambo moja dogo: udongo wa Ndungu unahusiana nini na shamba la baba yangu?

Siku ya kazi majirani walikuja kutazama, mikono mitupu kama nilivyowaagiza. Mashimo tisa ya kwanza yalikwenda vizuri. La kumi likagonga jiwe, paa! Keekee ikasimama. Hapo nikueleze, maana hili ndilo litakalokukuta. Shingoni mwa keekee kuna bolti moja laini, imewekwa makusudi ivunjike. Chuma kikikutana na jiwe, bolti inakatika, sehemu nyingine zote za mashine zinapona. Unaweka bolti mpya, unaendelea. Mimi nilikuwa na za akiba mbili, nazo zikakatika zote kabla jua halijafika utosini.

Jirani mmoja akanong'ona kwamba akachukue mtaimbo, nikamkatalia kwa ukali. Nikaenda kwenye jembe la trekta nikafungua bolti ngumu, nikaipachika pale penye bolti laini. Nikajisemea, hii haivunjiki. Na kweli haikuvunjika. Ilipasuka giaboksi, mafuta yakamwagika shimoni, na sauti ile ya vyuma kusagana ninaisikia mpaka leo nikisinzia mchana.

Fundi wa Same alitikisa kichwa. Spea ilikuwa ya kuagizwa Dar, na Dar nao waagize kwingine. Nikamkimbilia Mama Nakundwa. Keekee yake ilikuwa imekwenda kazini upande wa Ziwa Jipe, haitarudi upesi. Hakunisimanga. Alinipa kiti, akanipa chai, akasema, "Pole, mwanangu. Ungekuja mwezi uliopita." Heri angenitukana.

Nikarudi nikaomba pembe ipigwe. Lakini mwanangu, msaragambo hauwashwi kama taa. Vijana walikuwa wametawanyika, wengine wamekwenda kukata mkonge, wengine wameshashuka kwenye mpunga, na waliobaki walikumbuka vizuri nilivyosema mkutanoni. Walikuja wanne, na siku ya pili ikaja mvua. Tuliziba pande mbili tu za mashamba. Mahindi yaliota mazuri mno mwaka ule, nakuambia, yalikuwa meusi kwa ukijani, yanavuma ukipita kati yake. Yalipoanza kutoa ndevu, ng'ombe waliingia kwa pande mbili zilizobaki wazi. Asubuhi nilikuta nyayo zimejaa maji.

Sikuwa na moyo wa kumwambia baba. Nilikwenda sokoni Same, nikachagua mahindi mabichi manne manono yaliyoletwa kutoka Ndungu, nikapanda nayo mlima, nikamchomea moja kwa mikono yangu. Sikusema yametoka wapi. Nilimwachia adhani. Alilipokea kwa mikono miwili, akalitafuna punje moja moja kwa meno yake machache, ukungu unaingia mlangoni na kutoka. Kisha akasema kwa upole, "Mahindi ya Ndungu matamu. Asante, mwanangu."

Alijua. Mkulima hadanganywi kwa punje. Nikapiga magoti pale chini nikamweleza yote: mkutano, Mama Nakundwa, keekee, bolti. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniwekea mkono kichwani.

"Bolti ilikuambia mara tatu," akasema. "Ukaitoa kwa sababu hukupenda inachosema. Na yule mama alikuambia, ukamtoa vilevile. Na wenzako ukawatoa. Ukabaki na chuma kigumu na wewe mwenyewe."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho marefu niliyoyapata kwake. Alituacha kabla ya kiangazi kwisha. Vuli iliyofuata nilimkodi Mama Nakundwa. Alikuja na trekta lake, akachimba penye udongo, na majirani, Mungu awabariki, walikuja na mitaimbo wakamaliza penye mawe. Siku mbili, kama alivyosema. Hakuingia ng'ombe hata mmoja. Nilivunja hindi la kwanza nikalichoma, nikakaa nalo mkononi mpaka likapoa, sikujua nimpe nani.

Sasa nisikilize, mwanangu. Kwa uzio wako mmoja wa mbuzi huko kijijini Kisiwani, kodi. Kodi pamoja na dereva wake, na kabla ya kukubaliana mwombe akuchimbie shimo moja kwenye ardhi yako, siyo kwenye ya mtu mwingine, na umwonyeshe pale pabaya kuliko pote, usimwonyeshe pazuri. Ardhi yenyewe itakuambia mengi kuliko picha za simu. Ukiona baada ya misimu kadhaa kwamba watu wanakuita huku na huku, na fundi unamjua kwa jina, na spea unajua ziko duka gani, na trekta ni lako au la kikundi chenye maelewano, hapo nunua, wala usiogope. Kununua si kosa. Mama Nakundwa naye alinunua, na ikamlea yeye na wanawe. Kosa ni kununua ili uonekane, halafu chombo kilale bandani mwaka mzima kikifuga kuku. Kama hamu inakuwasha, nunueni pamoja watu sita au saba, mkubaliane kwanza nani anaitunza. Na mtu anayefaidika na ushauri wake usimkatae kwa hilo tu. Mpime maneno, mwulize tena kesho yake.

Bolti laini usiibadilishe kamwe kwa ngumu. Nunua za akiba nyingi, ni vitu vidogo. Ikikatika ya tatu mahali pamoja, zima trekta, shuka, ita watu. Kila kaya uliyo jirani nayo ina mtaimbo nyuma ya mlango. Usiwaambie wairudishe.

Na la mwisho, ambalo halihusu mashine. Ukiombwa kitu kidogo na mtu mzima aliyechoka, kifanye kwa njia iliyo karibu, hata kama haina sifa. Sifa zinaweza kungoja. Yeye hawezi.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe mvua kwa wakati wake na udongo usio na hila, mbuzi wako wazae mapacha, na majirani waitikie unapowaita. Na siku ukimpelekea mzee wako chakula cha shamba lako, umkute bado yupo, ale, na kiwe chako kweli.