Siku Daktari Alipomtaja Ngini kwa Kiingereza Safi

Kama ulikuwa mtoto Mwingi wakati ule simu ilikuwa moja, ya kutumbukiza shilingi, na yenyewe imeharibika, basi mimi na wewe tunajuana hata kama hatujawahi kusalimiana. Unajua vumbi la soko la mbuzi linavyokukaba koo asubuhi. Unajua malori ya Garissa yalivyopita usiku yakitetemesha mabati, na sisi tumelala fofofo. Tulicheza blada, ile ya kuruka raba, mpaka ikakatika tukaifunga fundo tukaendelea. Tulicheza kati, tukikwepa mpira wa makaratasi na nailoni. Jioni mama akikuita mara moja unaitika, maana mara ya pili alikuwa haiti, anakuja mwenyewe. Watoto wangu mimi nawaita kutoka jikoni mpaka sauti inakauka, halafu nasikia, "Mum, si ungetuma text?" Na tuko nyumba moja.

Tuliishi kwenye ploti ya vyumba vya kupanga vilivyotazamana, mfereji mmoja wa maji ya bomba katikati. Upande wetu tulikuwa wawili, Mama na mimi. Mama aliuza mitumba sokoni, na Jumapili alikuwa mwimbaji wa kwaya, na hapo alikuwa hataki mchezo. Mkabala wetu aliishi Habiba, rika langu, na wazazi wake. Baba Habiba alinunua mbuzi na ngamia kutoka kaskazini akawauza mjini. Alikuwa mrefu, mpole, na watoto wote wa ploti aliwaita wanawe. Mama Habiba akipika anjera, ile mikate laini ya Kisomali, sahani yetu ilikuja imefunikwa kitambaa. Mama akipika muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, bakuli lao lilivuka uwanja likiwa bado linatoa moshi. Sikumbuki mtu yeyote akilizungumzia jambo hilo.

Sasa Ngini. Ngini aliletwa na shangazi yangu kutoka Nunguni, kule kwa baridi na majani ya mwaka mzima. Alifika na katoni iliyotobolewa matundu, na ndani yake kulikuwa na kanyama kanene kasiko na mkia, kana madoa meusi, meupe na ya kahawia. Shangazi akatangaza kwamba hiyo inaitwa ngini-mbiki.

Hapa lazima nikueleze kuhusu ulimi wetu Wakamba. Herufi zingine hatuziachi zitembee peke yazo. G tunaisindikiza kwa n, b tunaipa m mbele, na p ndiyo hatuielewi kabisa, tunaitupa popote. Watu hutucheka, na sisi wenyewe tunajicheka. Basi neno lilitoka kinywani mwa Shangazi likiwa limevaa nguo zetu, na sisi tukalipokea hivyo hivyo. Mama alidhani ni Kikamba cha watu wa milimani. Baba Habiba alidhani ni Kikamba tu. Alimtazama mara moja akauliza, "Hii ni sungura?" Mama akajibu, "Ni jamii ya sungura," na alisema vile alivyoamini. Sisi watoto tukalikata jina, tukabaki na Ngini.

Sijui nikwambie vipi vile tulimpenda. Asubuhi alikuwa kwangu, jioni Habiba akitoka madrasa alikuwa kwake, akimlaza mapajani na kumchana kwa kichana cha mwanasesere. Ngini akisikia majani yakichakarishwa kwenye mfuko alipiga mbinja, mbinja ya mdomo mdogo, mpaka majirani wakajua wakati wa chakula chake. Baba Habiba akitoka msikitini alimwekea maganda ya tikiti mlangoni. Watoto wa siku hizi wana mnyama kwenye simu, akilia wanabonyeza ananyamaza. Wetu akilia ulitoka juani ukatafute majani.

Halafu kiangazi kikaja, na kiangazi cha Mwingi unakijua. Majani yakaisha kando ya barabara, yakaisha hata kando ya mfereji wetu. Tukampa Ngini pumba, ugali mkavu, mabua. Siku moja hakupiga mbinja. Ya pili akaanza kudondokwa na udenda, na mguu wa nyuma akawa anauburuta. Ukimshika, alilia kwa uchungu. Habiba alikataa kula. Mimi nilikula nusu. Tulikuwa na haja moja tu duniani, Ngini apone.

Daktari wa mifugo tuliyemjua alikuwa mmoja. Tulimfuata soko la mbuzi, Habiba na mimi, katoni katikati yetu kama jeneza. Alivaa gamboti, zile buti za mpira, na koti lililokuwa jeupe zamani. Hakuinama hata kutazama. "Mkiwa na ng'ombe mgonjwa mniite," akasema. "Hawa wa kucheza nao, akifa mtaletewa mwingine."

Mama akaenda kwake, akakaa kwenye benchi mpaka akafungiwa mlango. Akaambiwa kesho. Kesho yake akafunga kibanda chake mapema, akapanga viti, akachemsha maji ya daktari kunawa. Daktari hakuja. Akaambiwa tena kesho. Mama alizoea kusema kwamba ahadi ya mtu mzima mbele ya mtoto ni deni la watu wawili. Jioni ile alifua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Ndipo Baba Habiba akasema, "Nitamleta mimi." Daktari alimhitaji Baba Habiba kule sokoni kuliko alivyotuhitaji sisi, kwa hivyo siku hiyo hiyo lango likafunguka, na gamboti zikaingia. Nilimshukuru Mungu. Habiba alinishika mkono akaubana mpaka ukaniuma. Mama alikuwa mlangoni na taulo safi begani, na Baba Habiba alisimama kando, amefurahi kwa kuwa neno lake limetimia.

Habiba ndiye aliyemkabidhi Ngini. Daktari akamshika ngozi ya shingo, akamninginiza, akacheka.

"Nani aliwaambia hii ni sungura?"

"Ni ngini," Habiba akasema kwa sauti ndogo.

"Ngini gani? Hii ni guinea pig."

Alilitamka safi, kama mtu wa redio, kila herufi mahali pake. Na ile pig ikatoka peke yake, bila m, bila nguo, ikasimama katikati ya uwanja wetu.

Baba Habiba akauliza pole pole, "Pig?"

"Pig, mzee. Nguruwe ya Guinea. Hata kwa kitabu iko hivyo."

Mama alifunika mdomo kwa taulo. Nataka uelewe kitu kimoja. Yule mtu alikuwa amesoma. Alijua vizuri kabisa kwamba huyu mnyama na nguruwe hawana undugu wowote, kwamba ni jina tu alilobandikwa. Neno moja zaidi lingetosha, "Lakini si nguruwe, mzee." Alimwona Baba Habiba usoni. Akanyamaza, akatabasamu vile mtu anatabasamu akishinda mjadala. Sikuwahi kumwelewa, na sijamsamehe.

Baba Habiba alimgeukia Mama. "Mama Mwikali, ulijua?"

"Haki ya Mungu sikujua, Baba Habiba. Sikujua."

Nadhani alimwamini, ingawa uso wake ulikuwa umeshafungika. "Habiba," akasema. "Njoo unawe." Alimpeleka kwenye mfereji, akamfungulia maji mwenyewe, akamsugua kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Habiba hakulia. Alinitazama tu juu ya bega la baba yake wakati wote huo, kisha wakaingia ndani, na pazia likashuka.

Daktari alinirudishia Ngini kama kifurushi.

"Daktari," Mama akasema, "mgonjwa haulizwi uji. Na haulizwi jina pia. Mtibu."

Daktari akafungua mkoba, akavuta dawa kwa sindano ambayo kwa macho yangu ilikuwa kubwa kama mguu wa Ngini. Nikauliza ni dawa ya nini. Mama alinikanya kwa jicho, maana enzi zile mtoto hakumhoji mtu mzima. Lakini daktari akanijibu: "Ni ile ya mbuzi. Mnyama ni mnyama."

Mnyama ni mnyama. Dakika moja iliyopita alikuwa anajua huyu ni mnyama gani hasa, kwa Kiingereza na kwa kitabu, mpaka akavunja ploti nzima kwa kujua kwake. Ilipofika kwenye tiba, mnyama ni mnyama. Hakumfungua mdomo. Hakuugusa ule mguu. Hakuuliza anakula nini. Alimdunga, akanawa kwa maji ya Mama, akajifuta kwa taulo la Mama, akaenda zake.

Nilikuja kusoma nikiwa mtu mzima kwamba wanyama wa aina ile wakikosa majani mabichi huugua fizi na viungo, na kwamba dawa nyingine anazopona nazo mbuzi, wao huwaharibu tumbo mpaka wafe. Wakati ule niliona tu Ngini akizidi. Alianza kuhara. Nilimkamulia kwa kitambaa maji ya jani moja la sukuma wiki nililoomba sokoni, akageuza kichwa. Mama alirudi kwa daktari, akaambiwa, "Nilishamdunga. Yaliyobaki ni ya Mungu." Na kila nikitazama ng'ambo, pazia lilikuwa chini. Nilisikia mwiko wa Mama Habiba ukigonga sufuria, lakini sahani haikuvuka. Sisi pia bakuli letu halikuvuka. Nikiwa na umri ule nilikuwa nafiwa na wawili kwa mpigo, na mmoja wao alikuwa mzima hapo ng'ambo.

Ngini alikufa Ijumaa asubuhi, mapajani mwa Mama. Mama alitoa kwenye mtumba sweta ya mtoto mchanga, ya sufu, ambayo ingepata mteja siku hiyo hiyo, akamfunga nayo. Mimi nililia mpaka ploti nzima ikajua. Hakuna aliyeninyamazisha.

Jua lilipokuwa linashuka, tukasikia mtu akibisha, ingawa mlango wetu ulikuwa wazi. Alikuwa Baba Habiba, na kanzu yake ya Ijumaa. Alivua viatu. Nyuma yake Mama Habiba na themosi ya chai, na nyuma ya Mama Habiba, Habiba.

"Watoto wamefiwa," Baba Habiba akasema. "Tumekuja."

Akaketi. Mama akaenda kutafuta vikombe. Habiba alikuja akakaa karibu yangu, bega kwa bega, na chai ya maziwa ya ngamia ikamiminwa. Watu wazima wakaketi kama watu wanavyoketi matangani, bila haraka. Hakuna aliyetaja mnyama huyo alikuwa nini. Mwishoni Baba Habiba alisimama, akamwambia Mama, "Yule daktari nilimleta mimi kwako. Unisamehe." Kisha akachukua jembe letu nyuma ya mlango, akatuchimbia kaburi yeye mwenyewe, Habiba na mimi tukimshikilia Ngini kwa zamu.

Mimi siku hizi naishi Kikima, na baridi yake. Mwezi uliopita sungura wa binti yangu alikufa. Siwezi kulalamika juu ya daktari. Kijana mpole, alimpima kila mahali, alitueleza kila kitu, na usiku akatutumia ujumbe wenye moyo uliovunjika. Binti yangu aliweka picha mtandaoni. Zikamiminika pole kutoka kwa watu ambao hajawahi kukutana nao, nyuso za machozi zikiwa zimepangwa mistari mistari, na alizihesabu akafarijika kidogo, sikatai.

Mimi nilikuwa jikoni. Nilikuwa nimechemsha sufuria kubwa ya chai, nikatoa vikombe vya wageni, nikaleta viti vya chumbani nikavipanga sebuleni. Binti yangu akainua macho kutoka kwenye simu.

"Mum, kuna watu wanakuja?"

Nikasikiliza mlango kidogo. "Hapana," nikamwambia, nikaanza kurudisha viti.