Vindama Vitatu vya Bibi

Saa tatu na robo asubuhi ndipo karani wa Wajerumani alipotuita mimi na Bibi. Nina hakika, kwa sababu saa ilitundikwa ukutani, nami nilikuwa nimejifunza kuisoma juma lile lile. Mwezi uliopita nilipita Dodoma, nikasimama karibu na pale ilipokuwa baraza ya Wajerumani. Mwanamke mmoja alikuwa akinadi mbuzi wake: mnono, mkubwa, maziwa tele! Nikabaki nikimsikiliza.

Kwetu hakuna aliyesifu mifugo yake hivyo, rafiki yangu. Katika tembe la Bibi, nyumba yetu ya paa la udongo, niliamshwa na mlio wa maziwa yakisukwa kibuyuni; jioni tulikula ugali wa uwele na mlenda. Mama alikuwa amefariki, na mdogo wangu mchanga aliishi kwa maziwa ya ng'ombe watatu wa Bibi. Mgeni akiwasifu, Bibi aliwadogosha haraka, husuda isije ikawapata. Kigogo chetu kina namna yake ya kukifanya kitu kidogo mdomoni, kama Kiswahili kinavyofanya kwa ki- na vi-. Kwa namna hiyo hiyo mtu huonyesha mapenzi, dharau au adabu. Msikilizaji hutambua ipi ni ipi kwa kumjua msemaji.

Kisha askari wakawachukua wale watatu kuwa kitoweo cha wajenzi wa reli. Ikatangazwa kwamba wenye mifugo watalipwa: ng'ombe mzima rupia kumi na tano, ndama rupia nne. Bibi akapanga kununua ng'ombe mwenye maziwa kabla mtoto hajadhoofika. Siku ya malipo pale barazani mkalimani hakuwapo, nikasogezwa mbele mimi, msichana wa miaka tisa, kwa kuwa nilijifunza Kiswahili kwa shangazi aliyewauzia maharage vibarua wa reli.

"Haya, bibi yako alichukuliwa nini?" karani aliuliza.

Bibi akacheka kwa aibu. "Mimi nina ng'ombe? Vilikuwa vindama vitatu tu, vimekonda. Hata fisi angevikataa."

Nyuma yetu jirani akaangua kicheko. "Msikilizeni! Vindama vyake hivyo vimenywesha kijiji kizima!"

Lakini jirani alisema Kigogo, na karani hakuniuliza. Nami, kwa fahari ya kutopoteza neno, nilifasiri maneno ya Bibi peke yake. "Anasema vilikuwa vindama vitatu, vimekonda."

Karani akaandika, akahesabu rupia kumi na mbili. Bibi alizitazama kiganjani, akadhani ni za mwanzo. Akasubiri. Karani akamwita mwingine.

Tulipofika korongoni akaniuliza. "Ulimwambia nini?"

"Kama ulivyosema, Bibi."

"Na wewe uliyekunywa maziwa yao miaka yote, hukuwajua ng'ombe zangu?"

Tulirudi barazani, lakini karani alisema kilichoandikwa kimeandikwa. Jioni yule jirani alituletea ng'ombe wake anayenyonyesha. "Shika kijing'ombe hiki kibovu," alimwambia Bibi, "kitakusumbua tu." Bibi akakipokea bila kukisifu. Mdogo wangu akaishi. Leo ana wajukuu.

Nimejifundisha sarufi kwa miaka mingi, kwa vitabu vya kuazima na daftari zangu, nikilinganisha Kigogo, Kirangi na Kiswahili cha pwani. Jambo moja nililigundua nikiwa mtu mzima. Karani yule alitoka pwani, na katika nyumba yake ya mabati, kubwa kuliko zote mtaani, aliwakaribisha watu kwa kusema, "Karibuni kibandani kwangu." Adabu ile aliijua. Sijui kama aliisahau, au aliona inamfaa kuisahau.

Tembe halipo, kibuyu hakisukwi, na sokoni kila mtu anasifu chake kwa sauti. Pengine ni salama zaidi hivyo. Lakini bado siwezi kusikia mtu akidogosha mali yake bila kumtazama usoni kwanza, kabla sijaamini. Hesabu yangu ni hii: ng'ombe watatu, rupia arobaini na tano; zilizolipwa, kumi na mbili; zilizopotea kinywani mwangu, rupia thelathini na tatu.