Bado Wanapima, Mama

Bahasha ile ilinikuta nyumbani Vårby gård, pembeni mwa Stockholm, Jumamosi asubuhi, nimevaa msuli na soksi za sufu, nagombana na binti yangu kwa sababu ya vyombo. Mimi nafoka kwa Kiswahili, yeye ananijibu kwa Kiswidi, na vyombo vimekaa palepale kwenye sinki. Stempu ilikuwa ya Kijerumani.

Aliyeandika alikuwa mjukuu wa mama mwenye nyumba wangu wa zamani. Kabla sijaja Sweden, enzi za Ujerumani Mashariki, nilitoka Tanzania kwenda kule kusomea upimaji wa ardhi, na mafunzo ya vitendo nikayafanyia kwenye mgodi wa makaa ya mawe katika nchi ya Wasorbi. Hao ni watu wachache wanaoishi ndani ya Ujerumani na lugha yao wenyewe, ambayo haina undugu na Kijerumani ninachokijua mimi. Bahati mbaya yao, makaa yalikuwa chini ya vijiji vyao. Na mgodi ule haukuwa shimo la kuteremka kwa ngazi, ulikuwa unatembea. Mashine ndefu kuliko mnara wa kanisa ilisogea mbele kidogo kidogo, ikala mashamba, ikala barabara, ikala nyumba. Kijiji nilichopanga chumba kililiwa nusu. Nusu iliyobaki ipo hadi leo, pembeni ya shimo.

Waliobaki walikuwa wanaandika historia ya kijiji kabla wazee hawajaisha. Mjukuu alinitumia kurasa za nyumba ya bibi yake, akaniomba nisahihishe makosa. Nikakaa jikoni nikasoma. Aliandika kwamba majirani wote walitia sahihi mapema kukubali kuhama, wakapewa nyumba mpya zenye bustani, pamoja, mtaa mmoja. Bibi alikataa. Alikataa, kurasa zilisema, kwa sababu mwanawe alimshawishi abaki, kwa tamaa ya kurithi nyumba. Kijiji kizima kilimwona juu ya paa akibadilisha vigae, mwaka mmoja tu kabla mashine haijafika. Bibi akaishia ghorofa ya nne mjini, peke yake, hana wa kuzungumza naye Kisorbi hata salamu, akafa kipupwe kile kile cha kwanza. Huyo mwana ndiye baba mzazi wa mwandishi. Binti hakumsamehe baba yake.

Chini zaidi nilikuwemo mimi, napanda baiskeli nyeusi ya bibi kwenda mgodini. "Mgeni kutoka Afrika," aliandika, "mtu pekee wa mgodi ambaye hakuwahi kumdanganya."

Loo! Nilitamani ardhi ipasuke.

Maana ukweli ni huu. Mstari wa mpaka ambao mgodi ungefikia niliupima mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikiwa msaidizi wa wapimaji. Ulipita kati ya kisima na kanisa. Nyumba ya bibi, na mti wake wa mapeasi, na banda la bata bukini, vyote vilikuwa upande wa makaa. Jioni ile nikarudi, akaniwekea supu, akasimama mbele yangu na aproni yake.

"Mwanangu, nyumba yangu iko upande gani? Niambie. Sitakutaja kwa mtu."

Mimi nikatazama supu. Nikasema, "Bado wanapima, mama. Usiwe na wasiwasi."

Nawaapia sikukusudia kumdanganya! Kwetu mtu mzima humpasulii habari mbaya usoni. Unazunguka, unamwachia nafasi ajiandae. Baba yangu alipofariki, kaka yangu alinipigia simu hapa Stockholm akasema mzee kalazwa, hali si nzuri sana, kesho tutaongea. Nikavua koti nikakaa chini sakafuni nikalia, kwa sababu nilikuwa nimeshaambiwa. Shangazi yangu angesikia "bado wanapima" angeanza kufunga mizigo usiku huohuo. Yule mama wa Kisorbi alisikia kwamba bado wanapima. Kesho yake akamwita mwanawe, akaagiza vigae.

Nikamwona yule bwana juu ya paa, jasho linamtoka, anamlalamikia mama yake kwamba ni pesa na nguvu za bure. Nilikuwa chini, nampokeza vigae. Sikufungua mdomo. Nilijiambia mama ameelewa, anajipa moyo tu, kumbe mjinga ni mimi. Naye alitimiza ahadi. Hakunitaja mpaka anaingia kaburini, akaacha lawama yote imwangukie mwanawe.

Mke wangu nilimweleza. Yeye ni wa Bukavu, hana simile.

"Sasa uko unangojea nini? Piga simu."

"Nitapiga."

Sikupiga. Nilikuwa na kazi Sundbyberg, tunapima viwanja vya magorofa, na kila kigingi nilichokipigilia kilinikumbusha kisima na kanisa. Nilianza barua tatu kwa Kijerumani changu kilichoshika kutu, nikazichana. Nilijidai natafuta maneno. Maneno nilikuwa nayo. Nilikuwa napenda kuwa mtu pekee ambaye hakudanganya, hilo ndilo lilikuwa linanifunga mdomo, na nalisema hapa kwa aibu.

Baada ya Krismasi ikaja barua ya pili. Kitabu kinakwenda kuchapwa baada ya Pasaka. Baba yake anaumwa, aliandika, na bado anashikilia kwamba hakumshawishi mama yake kitu, ila hakuna anayemwamini, hata yeye binti yake hamwamini. Anauliza kama yule mgeni anakumbuka lolote.

Mke wangu aliisoma kwenye uso wangu. "Ulimwambia?"

"Bado," nikasema. Akaondoka jikoni, akaniacha na chai yangu.

Ilikuwa wiki mbili kabla ya Pasaka nilipopiga moyo konde. Nikajifungia chumbani, nikawa nimeandika sentensi ya kwanza kwenye karatasi nisije nikapoteza njia: Bibi yako aliniuliza mimi, na mimi nilijua. Simu ikapokewa mara moja. Nikajitambulisha. Nikauliza hali ya baba yake.

"Baba amekufa," akasema. "Tumemzika Jumatano."

Hivyo tu. Hakuniambia nikae, hakuuliza kama niko na mtu karibu. Habari nzima kwa pumzi moja, kama ambavyo bibi yake alistahili kuipata kutoka kwangu.

Nikasema pole. Nikasema tena pole. Karatasi ilikuwa mkononi, maandishi makubwa, hata bila miwani nilikuwa nayaona.

"Nashukuru umepiga," akasema. "Kitabu hakijaenda bado. Kuna kitu ulitaka kusahihisha?"

Ningeweza hata wakati ule. Mtu alikuwa keshazikwa, lakini kurasa zilikuwa bado zinarekebishika, na yeye angeweza kwenda makaburini kumwomba baba yake radhi. Nilifungua mdomo.

"Ile baiskeli," nikasema. "Umeandika nyeusi. Ilikuwa ya kijani."

Nikasikia kalamu inaandika.

"Asante," akasema. "Ndiyo maana bibi alikuamini."