Kandambili za Mkwezi

Mkwezi wa nazi kutoka kijiji cha nyuma ya Diani aliletwa kwangu hospitalini Msambweni na mkewe, mguu wa kulia umemteguka tena. Kazi yangu ni kuwazoesha watu kutumia tena viungo vyao vilivyoumia. Nilimwamkia shikamoo, kwani ni wa umri wa baba yangu, akaniitikia huku akivua kandambili mlangoni. Wagonjwa wetu hawaambiwi kuvua. Ni adabu tu.

Alikuwa ameteguka mara nyingi hata hakumbuki ngapi. Kila mara alikandwa, mguu ukavutwa ili mfupa urudi, na baada ya wiki mbili akapanda mnazi. Safari hii kifundo kilipinduka kwenye kidato kilichochongwa shinani, akateleza amekumbatia shina, kifua kikachunika. Hakuwa na kazi nyingine. Walitaka kujua jambo moja: atapanda tena au hatapanda?

Picha ya eksirei aliyokuja nayo haikuonyesha kasoro. Nilimwambia hakuna mfupa uliotoka mahali pake. Hakuridhika, na kusema kweli hata mimi sikuridhika. Nilipowasindikiza mlangoni ndipo nilipoziona zile kandambili. Ya kushoto ililika sawasawa. Ya kulia ililika kisiginoni, upande wa nje tu, karibu itoboke.

“Hizo haziibiwi msikitini,” mkewe akasema. “Mwizi mwenyewe ataanguka.”

Picha ilikuwa imepigwa amelala, na mguu uliolala haubebi mtu. Nikamrudisha apigwe amesimama. Mara hii kisigino kilionekana kimeinamia ndani. Nilimweleza taratibu, kiganja changu kikiwa ndio mguu: kisigino kikilala hivi, uzito wote huangukia ukingo wa nje, na kano za upande huo, ambazo zimekwisha kulegea, huvutwa kila hatua. Kuuvuta mguu hakukinyooshi kisigino.

Nilibandika kipande cha mpira chini ya kandambili mpya ya kulia, upande wa nje. Ikabaki kuufundisha mguu kujishika kabla haujapinduka. Nilimwuliza hutawadha vipi. Akasema tangu mguu umsumbue huketi kwenye benchi la mferejini, pale msikitini. Nikaona nimepata zoezi la mara tano kwa siku.

“Baba, sasa utasimama. Mguu wa kushoto uoshe ukiwa umesimama kwa huu wa kulia, mkono uwe karibu na ukuta. Siku utakayomaliza bila kuugusa, tutazungumza habari ya minazi.”

Wiki zilizofuata aliniletea habari za mferejini. Wenzake walimwita korongo. Mmoja alimwomba amalize upesi, swala isije ikawapita. Hakurudi kwenye benchi.

Mwezi wa tatu wa zoezi hilo alisimama mbele ya sinki langu, akaosha, akamaliza. Ukuta hakuugusa.

“Mfupa umenyooka?” akauliza.

“Hapana, baba. Kisigino ni kile kile. Mguu ndio umejua kukibeba.”

Nilimruhusu minazi mifupi kwanza, kifundo kikiwa kimefungwa bandeji. Mkewe akataka kujua mfupi ni upi. Nikasema ule ambao yeye akisimama chini anaweza kumshika kisigino mumewe aliye kileleni.

“Huo hata mbuzi anaupanda,” mkwezi akanung’unika.

Lakini hakubisha zaidi. Mlangoni alivaa kandambili ya kushoto amesimama kwa mguu wa kulia, wala hakushika mlango.