Bundi wa Jikoni kwa Bibi

Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu kuanza kidato cha kwanza katika shule moja hapa Mwanza. Tukiwa tunasubiri kuonyeshwa bweni, nikachungulia dirisha la maabara. Juu ya kabati alikuwa amesimama ndege, mdiria aliyekaushwa na kujazwa pamba, mdomo umeshika vumbi. Harufu ya naftalini, ile dawa ya kufukuza wadudu, ikanijia puani, nikashika ukuta. Binti yangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni njaa tu. Ukweli ni kwamba kwa dakika ile nilikuwa na miaka kumi tena, nipo Butimba, nimejikunja nyuma ya pipa la maji.

Nililelewa na bibi, mama yake mama. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili, na jiko lake la nje lilijengwa kwa matofali ya udongo na kuezekwa mabati yaliyokuwa meusi kwa masizi. Asubuhi tulikunywa uji, jioni tukala michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga, na siku nzuri kukawa na samaki, sato. Kazi zangu zilikuwa kuchota maji, kuosha sufuria kwa majivu, na kufukuza kuku wasile dagaa walioanikwa.

Nyumba ya pili kutoka kwetu aliishi mwalimu mstaafu wa baiolojia, mama mwembamba asiyependa kelele. Sebuleni kwake, kwenye harufu ile ile ya naftalini, kulikuwa na ndege waliokufa ambao hawakuonekana wamekufa: yangeyange, mnandi aliyetandaza mabawa, kanga. Alikuwa akiwatengeneza kwa ajili ya maabara za shule. Mara ya kwanza nilipotumwa kwake nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia. Aliniangalia, akasema, "Unaogopa kwa sababu hujui ndani kuna nini. Njoo uone ndani."

Ndivyo nilivyoanza kujifunza. Alinipa njiwa aliyeuawa na paka. Akanionyesha kupasua ngozi ya kifua kwa wembe, taratibu, bila kugusa nyama, na kunyunyizia unga wa mahindi ili damu isichafue manyoya. Kisha unaivua ngozi kama unavyomvua mtoto shati, unaisafisha, unaipaka chumvi na dawa, unatengeneza mwili mpya wa waya na pamba, unashona. Waya niliupima vibaya mpaka njiwa yule akatoka na shingo ya bata. Mwalimu hakucheka. "Wa kwanza huwa hivyo," akasema. "Wangu alikuwa na tumbo la mjamzito."

Kitu kimoja tu alinikataza. Siku moja nilimuuliza kwa nini hana bundi. Akaacha kushona. "Bundi hapana. Ndege mwenyewe hana neno. Watu ndio wana neno."

Nilimsikia, lakini sikumwelewa. Alipokwenda Bukoba kwenye msiba wa kaka yake, mimi nikaokota bundi chini ya nguzo ya umeme, amekufa lakini mwili hauna jeraha hata moja. Nikajiambia atakaporudi nitamshangaza. Nilimtengeneza kwa siku mbili nyuma ya choo, kwa unga niliouiba kwenye pipa la bibi na pamba niliyoitoa kwenye mto wangu. Macho nikamwekea shanga mbili nyekundu za mkufu wangu. Na kwa kuwa mwalimu alisema wadudu hawapendi moshi, nikampandisha kwenye kenchi ya paa la jikoni akauke.

Siku iliyofuata, jua likiwa utosini, mama jirani aliingia jikoni kuomba kaa la moto. Mgongoni alikuwa na mtoto wake mchanga aliyekuwa na homa kwa siku tatu. Nilikuwa uani naosha sufuria. Nikasikia ukelele, kisha nikamwona akitoka mbio, akisema bibi amefuga bundi, na kwamba sasa amejua nani anamla mtoto wake.

Sijui kama umewahi kuona uwanja wa nyumba unavyojaa watu. Hawaji wote kwa pamoja. Alikuja mmoja, wakaja watatu, halafu sikuweza kuhesabu tena. Wengine walishika fimbo. Mzee mmoja ambaye kila siku nilimwamkia shikamoo alikuwa na jiwe mkononi, na hakulificha. Bibi alisimama mlangoni mwa jiko. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi, na kwetu macho mekundu ya kikongwe huitwa ya mchawi, na yamekwisha kuzika vikongwe wengi. Hilo hata mimi nililijua. Nikaingia nyuma ya pipa la maji, na mkojo ukanitoka.

Balozi wa nyumba kumi alifika, akamshusha bundi kwa upawa, akamweka chini. Watu wakarudi nyuma.

"Mama, shikamoo," balozi akasema.

"Marahaba, baba."

"Huyu ndege ni wa nani?"

Bibi alimtazama bundi. Aliziona zile shanga. Alikuwa ameninunulia mwenyewe. Akainua uso, akasema, "Ni wangu."

Nikatoka nyuma ya pipa, gauni limelowa, nikasema ni wangu mimi. Sauti haikutoka, nikarudia. Bibi akanikemea niingie ndani. Sikuingia. Nilipiga magoti, nikatoa wembe mfukoni, nikakata mshono tumboni kwa bundi. Nilikuwa nalia, sioni vizuri, nikajikata kidole. Nikavuta pamba yote, nikavuta waya, nikang'oa shanga, nikaviweka mbele ya balozi. Nikasema kama nilivyofundishwa: hii ni ngozi, hii ni pamba, huu ni waya, hakuna kingine.

Balozi alichukua pamba akaifikicha. "Pamba," akawaambia watu. "Ni pamba tu." Kisha akamgeukia mama jirani. "Mtoto ana homa siku tatu na bado yuko mgongoni? Mpeleke hospitali sasa hivi."

Mtoto alikutwa na malaria, akapona. Watu waliondoka mmoja mmoja bila kusema pole. Mwalimu aliporudi alikuja kukaa mkekani kwa bibi, akaomba radhi kwa kosa ambalo halikuwa lake, na hakunifundisha tena. Hakuna aliyetugusa. Lakini watoto wa jirani waliacha kumwamkia bibi, wakipita walikimbia, na yeye alikaa mlangoni jioni nzima bila kupata wa kumwitikia marahaba. Mwaka haukuisha, akanichukua tukahamia kwa mdogo wake Sengerema.

Huko nilimuuliza siku moja kwa nini alisema bundi ni wake. Alikuwa anamenya viazi, hakuacha. "Mimi chumvi nimeshakula ya kutosha," akasema. "Wewe hata meno yalikuwa hayajaisha kuota."

Leo bibi hayupo, mwalimu hayupo, na kiwanja chetu kina nyumba ya wapangaji yenye geti. Watu wa pale ni wema; nilipopita baada ya kumwacha binti yangu shuleni, walinikaribisha maji ya kunywa. Nilisimama uani kwao nikijaribu kukadiria jiko lilikuwa wapi. Kutoka mlango wa jiko, alipokuwa bibi, mpaka aliposimama yule mzee mwenye jiwe zilikuwa hatua sita. Utotoni nilidhani ni mbali.