Matope Niliyoyasingizia

Mume wangu alipoanza habari ya gari kubwa, nilimpinga kwa sababu zote isipokuwa ile ya kweli. Nilisema linakunywa mafuta. Nilisema vipuri vyake havipatikani Homa Bay, mpaka mtu aagize Kisumu. Nilisema watu watatuona tunajidai na bado tunaishi nyumba ya kupanga yenye bafu lisilofungika mlango. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akarudia neno lake lilelile, kwamba gari hilo matairi yote manne yanavuta, na mvua ikinyesha tutafika nyumbani.

Hapo ndipo nilipowaka. Alisema kweli. Lingefika.

Kwao ni Nyatike, mbele ya Macalder, upande ule ambao udongo ni mweusi na ukilowa unashika kiatu mpaka mguu unatoka mtupu. Gari letu ni dogo, tumbo lake liko karibu na ardhi. Kila masika lilikuwa linakwama palepale, kwenye bonde lililo nyuma ya shule ya msingi, na kila likikwama mimi nilikaa ndani na watoto nikinung'unika kwa sauti ili mume anisikie, huku moyoni nimetulia kabisa. Nilijua tutageuza. Tutarudi Homa Bay kwenye cherehani yangu na mfereji wangu wa maji.

Mtu asiyetoka kwetu atauliza mvua inanihusu nini mimi. Inanihusu kwa sababu kwa Wajaluo boma lina mpangilio wa kupanda. Mama wa boma anaanza, anafuata mke wa mtoto wa kwanza, halafu mke wa mtoto wa pili, hivyo hivyo mpaka chini. Na kabla ya mama kushika jembe, lazima yeye na mume wake walale pamoja usiku mmoja kwenye nyumba yao palepale bomani. Mama mkwe alipofariki, zamu ya kuanza iliniangukia mimi, mke wa kifungua mimba, nikiwa na miaka ishirini na sita na mtoto mgongoni. Hakuna aliyeniuliza kama naitaka.

Nyuma yangu yuko mmoja tu, mke wa shemeji yangu. Yeye anaishi pale mwaka mzima. Mume wake anachimba dhahabu Macalder, anashuka shimoni asubuhi na simu yake haishiki mpaka jioni, na kwa bahati hiyo ya shimo kuna wiki anarudi na kitu na kuna wiki anarudi na vumbi. Kwa hiyo shamba ndilo chakula chao. Na hawezi kutia hata mbegu moja ardhini kabla yangu.

Kanisani tunafundishwa kwamba mambo hayo ni giza. Sisi ni Wasabato, na tukiulizwa tunajibu vizuri. Lakini mke wa shemeji alizika mtoto wa miezi saba, na hata kaburi halijakauka wanawake walishaanza kunong'ona chira, ile laana inayomfuata mtu akiruka mpangilio wa boma. Mtu aliyepitia hayo humwambii apande tu, Mungu ataelewa. Hata mimi ninayejifanya mjanja wa mji nisingethubutu kuruka.

Sasa niseme nilichofanya.

Masika ya mwaka jana, wiki ya kwanza ilinyesha bila kupumua. Barabara haikupitika, hapo sina kosa. Halafu jua likawaka siku nne mfululizo. Siku ya tatu mke wa shemeji akanipigia simu. Nilikuwa saluni, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Aliniambia barabara imekauka, lori la mchanga limepita jana na limepita tena leo, tuje kesho. Akasema ameshalima, na alipomaliza kwake akaendelea akalima na upande wangu, ili nikifika nisipate shida. Nikamwambia asante, tutakuja.

Jioni mume wangu alirudi kazini akauliza kama kuna habari za nyumbani.

"Amepiga," nikamwambia. "Anasema bado ni matope. Tungoje."

Nimejitafutia sababu nzuri kwa muda mrefu na sijapata. Sare za shule nilizokuwa nashona zilikuwa zimekwisha. Watoto walikuwa wazima. Sikutaka tu. Sikutaka kulala kwenye ile nyumba yenye popo darini. Sikutaka majirani waje kunipima kwa macho waone nimenona au nimekonda. Sikutaka kuitwa mama wa boma na watu walionizidi umri, halafu waketi waningoje nipike. Na nilikuwa nimesukwa vizuri, ndiyo, hata hilo lilikuwemo. Siku ya tano mvua ikarudi, na matope yakawa ya kweli.

Tulifika wiki tatu baadaye. Nilipanda asubuhi, naye akapanda saa hiyohiyo nyuma yangu, haraka haraka. Mvua ilikatika mahindi yakiwa yanaanza kutoa maua. Kwangu haikuwa neno, mimi nanunua unga dukani. Kwake yalitoka magunzi yenye punje hapa na pale. Mwezi wa nane alinitumia gorogoro mbili za mahindi hayo kwa mtu aliyekuwa anakuja Homa Bay, kwa sababu mkubwa ndiye anayeonja kwanza. Alizipima zikajaa mpaka juu. Nilisaga, nikasonga ugali, watoto wakala. Mimi nilisema nina kiungulia.

Lakini sijafika kwenye baya zaidi. Mwisho wa mwaka tulikutana na shemeji kwenye mazishi ya jirani, na mume wangu akamshika mkono ndugu yake mdogo akamwomba msamaha mbele yangu. Alimwambia gari lake ni la lami, si la mwanaume mwenye boma, ndiyo maana mahindi yao yalichelewa. Shemeji akajibu kwa heshima tu, "Si kitu, kaka." Mimi nilikuwa nimesimama hapo na sahani ya wali mkononi. Ningeweza kusema. Niliondoka nikaenda kutafuta kijiko.

Tangu siku ile mume wangu alianza kutafuta gari. Kila jioni yuko kwenye simu anaangalia picha. Dada yangu aliniambia nimwache, wanaume wakifika umri huo wanataka kupanda juu waone watu chini. Nikacheka naye. Mimi nilijua anachotafuta, na nilijua ni nani aliyemtuma.

Mwaka huu, masika yakianza, alipata moja Migori. Mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu, mzee nadhifu aliyeliweka chini ya paa la mabati na kulifunika turubai kama mgonjwa. Lilikuwa la kijivu, si jipya, lakini limetunzwa. Mzee alisema gari halipimwi kwenye lami. Twende nalo tunakotaka kwenda, tulirudishe kesho, letu tumwachie kama amana. Watoto tulikuwa tumewaacha kwa dada yangu. Mume wangu aliniangalia kama mtoto aliyepewa ruhusa.

Tulipita Macalder mvua ikinyesha. Pale bondeni nyuma ya shule palikuwa na pikipiki mbili zimelala na lori limeinamia upande. Alipunguza mwendo, akasogeza kitu karibu na gia, akaniambia nishike. Niliomba likwame. Niliomba kwa maneno, midomo ikitembea, Mungu anisamehe. Gari likayumba, likanguruma, matope yakapiga vioo, likapanda upande wa pili kama linapanda ngazi. Mume wangu alipiga usukani kwa kiganja akacheka peke yake. Sijawahi kumwona anafurahi hivyo tangu kifungua mimba wetu azaliwe.

Mke wa shemeji alitoka jikoni akisikia mlio. Alifuta mikono kwenye leso, akalizunguka gari zima polepole, akasimama upande wangu.

"Kumbe barabara imepona," akasema.

Mume wangu alidhani ni utani wa kutukaribisha. Akacheka. Akashuka, akamsalimia, akaanza tena ile pole yake ya mwaka jana.

"Shemeji, hutatungoja tena. Haya matope yaliyotuzuia mwaka jana, tumeyapatia dawa."

"Matope gani, shemeji?"

Alisema hivyo kwa mshangao tu, bila ubaya. Halafu akaniangalia. Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini nilimwona anaelewa. Alijua mwaka mzima kwamba hatukuja. Kumbe alidhani tulikataa wote wawili, mume na mke. Sasa aliona ni mimi.

Akageuka kwa mume wangu. "Ah, yale," akasema. "Yalikuwa mabaya kweli."

Akaingia jikoni kutuwekea chai.

Angenitukana ningejibu. Nina mdomo, kila mtu anajua. Angenisema mbele ya kijiji kizima ningepata hasira ya kusimamia. Lakini alinifunika, yeye ambaye watoto wake walikula uji mwepesi kwa sababu ya nywele zangu, alinifunika kama mtu anayemfunika mlevi wa familia mgeni akija. Niliona bora ningepigwa.

Nikamvuta mume wangu nyuma ya gari nikamwambia. Nilimwambia yote, simu, saluni, lori la mchanga, na kwamba alilima na upande wangu. Sikulia, maana kulia kungekuwa kumwomba anibembeleze.

Alikuwa anabandua matope kwenye taa ya nyuma kwa ukucha.

"Nilimwomba ndugu yangu msamaha," akasema mwishowe. "Nilimwomba kwa ajili ya gari."

"Najua."

"Ulikuwa umesimama pale."

"Nilikuwa nimesimama pale."

Hakuniuliza kwa nini. Hilo lilinichoma kuliko swali. Alienda akakaa na mzee jirani mpaka chakula kikaiva.

Usiku ule sitausimulia. Nitasema tu kwamba desturi haiulizi kama mmenuniana, na kwamba mbegu za mtu zilikuwa kwenye beseni zinatungoja. Asubuhi nilifunga leso, nikavua viatu, nikapanda mstari wa kwanza mvua ikinipiga mgongoni. Nilipoinuka kunyoosha kiuno, mke wa shemeji alikuwa ameshaanza wake. Nilikwenda mpaka pale alipoinama nikamwambia nilidanganya, nikamwambia nisamehe.

"Panda, dada," akajibu bila kuinua kichwa. "Mvua haingoji mtu."

Tukiwa njiani kurudi Migori, mume wangu ndiye aliyeanza. Alisema hawezi kuamua tena. Mwaka mzima ameamua kwa uongo wangu, basi sasa niamue mimi. Tununue au tusinunue, niseme.

Nilikuwa nimeshafikiri. Tukilinunua, kila mtu pale atasema kumbe kweli, mwaka jana shida ilikuwa gari. Ndugu yake atasema hivyo, majirani watasema hivyo, na baada ya miaka miwili mimi mwenyewe nitaamini. Mke wa shemeji peke yake ndiye atakayejua, na atalazimika kulisifu. Nikamwambia tusinunue.

"Kwa hivyo nalipa mimi tena," akasema.

Alikuwa amesema kweli, na mpaka leo ni kweli. Nilikuwa natengeneza kosa langu kwa kitu chake. Alimrudishia mzee ufunguo, akamshukuru kwa adabu, akasema mama watoto hakuridhika nalo. Mzee akanitazama kwa huruma ile ya kumhurumia mwanaume mwenye mke mgumu. Nikaipokea. Kabla ya kuingia kwenye gari letu, mume wangu alirudi akasaidia kulifunika turubai, akavuta kila pembe mpaka ikakaa sawa.

Mvua za vuli zilipoanza, alipigiwa simu yeye, si mimi. Siku hizi mke wa shemeji anampigia yeye. Alisema hali ni mbaya kweli, hata bodaboda zinageuzia njiani, tusije kwanza. Mume wangu aliiweka simu kwenye spika nisikie mwenyewe kila neno. Nikaenda kutafuta gambuti.

Gari tuliliacha Macalder. Bodaboda zilitufikisha karibu na shule, tukashuka, tukaendelea kwa miguu. Pale bondeni maji yalinifika magotini. Mume wangu alinitangulia, suruali imekunjwa, viatu ameviinua juu ya kichwa.

"Lile lingepita hapa," akasema.

"Lingepita."

Akanipa mkono nivuke, halafu akauachia tulipofika pakavu.

Tulifika jua likizama. Mke wa shemeji alikuwa mlangoni kwake. Alitutazama miguu yetu, kwanza ya mume wangu, kisha yangu, akatazama muda mrefu. Halafu akamwambia mume wangu kwamba kuna maji ya moto jikoni, na kwamba yanatosha wawili.