Dobi wa hospitali aliyegoma kufungua mafurushi

Saa moja asubuhi, toroli la wodi ya wazazi linaingia katika chumba cha kufulia cha hospitali likiwa limefurika mashuka machafu. Dobi ambaye wenzake humwita Mama Povu haligusi. Anachukua ufito, anabonyeza furushi la juu na kutega sikio.

"Mkasi nitausikia," anasema. "Ila sindano moja peke yake haina kelele."

Anajua anachosema. Karibu miezi mitatu iliyopita, sindano iliyofichwa ndani ya shuka ilimchoma kidole kupitia glovu nyepesi, zile za kupimia wagonjwa, ambazo hapa hufuliwa na kuanikwa kambani mpaka zitoboke. Glovu nene za mpira huombwa kila mwaka na hazijawahi kuletwa.

Jambo hili linatia hasira, na ni heri lisemwe wazi. Sindano haikuingia kwenye shuka kwa miguu yake. Mtu aliyefundishwa kwamba sindano iliyotumika hutupwa palepale kwenye boksi lake gumu alikusanya shuka, pamba, damu na sindano, akapiga fundo, akanawa mikono yake vizuri, akaenda zake kunywa chai.

Mama Povu naye alikosea, wala hafichi. Madobi wana mazoea yao: ukichomwa unakamua damu, unachovya kidole kwenye dawa ya madoa, kazi inaendelea. Akakamua, akachovya, ngozi ikababuka.

"Chumba cha upasuaji kilikuwa kinasubiri mashuka. Nikasema nimalize kwanza."

Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba jeraha la namna hiyo huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, bila kukamuliwa, na kwamba dawa za kujikinga na virusi vya UKIMWI zinatakiwa zianzwe mapema, ikiwezekana saa hiyohiyo.

Kesho yake, alipodokezwa habari zake na kwenda kuziomba, karani wa dirisha la dawa alitaka kitambulisho. Akakitazama, akamrudishia. Dawa hizo ni za wahudumu wa afya, akamwambia, na yeye ni mtu wa kampuni ya usafi.

"Nikamwambia, kaka, sindano haikuniuliza kitambulisho."

Alikaa kwenye benchi mpaka mchana, muuguzi mmoja alipomwonea huruma akampeleka kwa daktari. Akaanza vidonge vya mwezi mzima, kichefuchefu juu ya kichefuchefu, huku akiinamia beseni lilelile. Kipimo cha kwanza hakikuonyesha ugonjwa. Cha mwisho ni wiki ijayo.

Nyumbani ametenga kikombe chake. Mjukuu wake akimjia mikono juu, humpokea kwa viwiko.

"Nimeelezwa kwamba kikombe hakiambukizi, kumbeba mtoto hakuambukizi. Mimi nimeelewa. Mikono yangu ndiyo bado."

Mumewe, fundi seremala, kila asubuhi hunywa chai kwa kikombe hichohicho.

Muuguzi kijana wa wodi ya wazazi anaingia mbiombio. Wameishiwa mashuka.

"Si hayo hapo, mwanangu. Mmefunga nyie. Fungua, toa kilichomo, nikufulie."

Muuguzi ananyoosha mkono, kisha anaurudisha.

"Naomba basi glovu, mama. Zile nzito."

"Hata sisi tunaziomba."

Muuguzi analitazama fundo. Anaondoka, anarudi na koleo dogo la kushikia vifaa na boksi la sindano. Anafungua taratibu, anakunjua shuka moja baada ya jingine. Ndani ya la tatu imo sindano, haina hata kifuniko. Anaiinua kwa koleo na kuidondosha kwenye boksi.

"Samahani, mama," anasema kwa sauti ya chini.

Mama Povu anasogeza beseni. Analivuta shuka na kulitumbukiza majini.

Msimamizi wa kampuni ameshamwonya kwamba akiendelea na mgomo wake atatafutiwa mtu wa kumrithi. Yeye amekwisha kata shauri.

"Majibu yawe yatakavyokuwa, asubuhi yake nitakuwa hapa. Kazi hii naipenda. Kufua nitafua mpaka nizeeke. Kufungua, afungue aliyefunga."